Msimu wa Sare Umeisha, Mama Hajarudi

Ijumaa, tarehe 5

Saa kumi na nusu jioni nimekata sketi ya mwisho ya msimu. Miezi miwili na nusu nimesimama mbele ya meza ya kukatia, natoka nyumbani alfajiri, narudi watu wamekwisha kula. Sare za shule saba zimepita chini ya mkasi wangu. Kidole gumba kimeota sugu na mgongo unanidai. Tajiri ametupa likizo ya wiki nne, akatushukuru kwa soda moja moja.

Nina mipango. Nilale, nile vizuri, nitembee na watu wangu, na nimrudishe mama nyumbani. Wiki mbili tangu msimu uanze, mdogo wangu alikuja akasema haifai mama akae peke yake kutwa nzima, afadhali ahamie kwake kwa muda. Kwa muda! Ndivyo alivyosema, na neno hilo nimelishika.

Jumamosi, tarehe 6

Nimelala mpaka saa nne. Nimeamka nikala mkate mzima.

Jumapili, tarehe 7

Nilidhani mimi ndiye nitakayewaalika matembezi. Kumbe wenzangu wana ratiba yao. Kila Jumapili, wakati mimi nimeinama juu ya vitambaa vya kaki, wao wanakwenda bustani ya umma kule kwenye bwawa la bata. Wana mkeka wao, kapu lao, mti wao wa kivuli. Aliyeanzisha yote hayo ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye tangu azae mapacha kila mtu anamwita Mama Pacha.

"Leo tumekupata, wifi!" akanikumbatia. "Karibu, karibu. Umekonda jamani, hao matajiri wanawala nyama."

Nikataka kukaa karibu na mama. Pacha mmoja akanivuta gauni. "Shangazi, hapo anakaa mama. Bibi na mama wanakaa pamoja." Nikakaa ukingoni mwa mkeka, nusu ya makalio yangu iko kwenye majani. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na hawakumsaza fundi wa sare.

Chakula kilikuwa wali, maharage na kuku wa kuokwa. Mama alikula akamaliza, akalamba kidole, akasema, "Mama Pacha, Mungu akubariki mkono huo."

Niandike hili polepole nilielewe. Miaka ishirini nimempikia mama yangu, na sifa kubwa kuliko zote niliyowahi kupata ni "leo hukuunguza." Mtoto wa watu, miezi miwili tu, anaombewa baraka za mkono.

Halafu chakula chenyewe hakina chumvi. Sisemi kwa sababu ya wivu. Wivu ninao, sikatai, lakini na chumvi pia haimo. Nilitazama huku na huku nione nani atasema. Wote wanakula. Mdogo wangu, ambaye utotoni alikuwa anatupa sahani kwa chumvi kupungua, anatafuna kwa adabu kama yuko mbele ya mkwe.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza mama, "Sasa unarudi lini nyumbani?"

"Tutaongea, mwanangu. Wewe pumzika kwanza."

Jumatatu, tarehe 8

Mvua. Nimefua pazia za chumba cha mama.

Jumatano, tarehe 10

Leo nimeamkia sokoni, nimechagua samaki mwenyewe, nimempika kama mama anavyompenda, mchuzi mzito, ndimu, kila kitu. Nikambeba kwenye sufuria nikiwa nimeifunga kwa kanga isimwagike, mpaka kwa mdogo wangu. Mama alinusa akafumba macho kwa raha. Nikasema moyoni, sasa ndiyo.

Akachota tonge mbili, akasukuma sahani.

"Nimeshiba, mwanangu. Nilikula asubuhi sana."

"Mama, tonge mbili!"

"Umri huu tumbo linasinyaa."

Nikafunika sufuria. Baada ya saa moja hivi nilipotoka uani, nikamkuta jikoni na wifi, wanakula viazi vya kuchemsha, wanacheka. Viazi! Vya kuchemsha! Tumbo lililosinyaa lilikuwa limekunjuka lote. Wifi aliponiona aliacha kucheka ghafla, akafunika bakuli. Nikaaga.

Samaki nimemla mwenyewe mpaka miiba. Alikuwa mtamu sana, na kila tonge iliniuma.

Ijumaa, tarehe 12

Tumetoka na wenzangu wa karakana kula kuku wa kuchoma na chipsi. Alikuwepo Mzee wa Pasi, na shoga yangu tunayemwita Vifungo, maana miaka tisa kazi yake ni hiyo moja. Tulicheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Vifungo akaanza tena kisa changu cha mikono ya kushoto, hachoki nacho. Mwaka ule baba alipolazwa, mtu alikuja kuniambia nikiwa mezani katikati ya msimu, mkasi mkononi. Sikulia. Nikaendelea na kazi. Badala ya kutandika vitambaa uso kwa uso, nikavitandika vyote uso juu, nikakata mikono ya mashati mia mbili, yote ya kushoto. Mzee wa Pasi anadai mpaka leo kuna shule anayoiota usiku, watoto wote mkono mmoja.

Tangu siku ile kwetu ikawa sheria: fundi hashtuliwi msimu. Habari mbaya inangoja zamu yake kama nguo yoyote.

Nikawasimulia habari za viazi. Nilitegemea wanionee huruma.

"Shoga," Vifungo akasema, anang'ata paja la kuku, "huo ni wivu."

"Si wivu. Ni haki yangu."

"Wivu wote huanza kwa haki yangu. Mama yako anapendwa na mkamwana wake, wenzako wanaliomba hilo kwa kufunga."

"Hujui chakula chake kilivyo chapwa."

"Basi si angekula chako?"

Nikamwambia anyamaze, amalize kuku wake. Akarudi kwenye kuku, lakini alinitazama kwa jicho ninalolijua.

Jumapili, tarehe 14

Mvua imezuia bustani, tumeshinda kwa mdogo wangu. Leo limetokea jambo ambalo nisipoliandika halitanitoka kifuani.

Mama alitoa gauni lake la kijani. Akasema limemzidi kiuno, lipunguzwe. Nikanyoosha mkono nilipokee, nikawa nimekwisha kuanza kutafuta futi ya kupimia kwenye mkoba. Mama akalipitisha mbele ya uso wangu akampa wifi.

"Mama Pacha ataliweka weka tu. Wewe uko likizo."

Mama Pacha, ambaye hajui tofauti ya sindano na pini! Alilishika gauni kama kashikishwa nyoka, akanitazama mimi, akamtazama mama, akasema, "Nitajaribu, mama." Mimi nimevisha shule saba. Mimi ndiye niliyelikata gauni lile lile. Nikakaa pale na futi yangu mapajani nikitazama mwanamke akishona kiuno cha mama yangu kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani.

Ninamchukia. Nimeandika. Kesho huenda nikaona aibu, leo sioni.

Jumanne, tarehe 16

Nimepita nje ya nyumba yao, nikasikia wanacheka. Sikuingia.

Alhamisi, tarehe 18

Wifi amepiga simu mwenyewe. "Jumapili jua likiwaka twende bustani, wifi. Nitapikia kule kule, mama anapenda harufu ya moshi. Usikose." Nikasema sitakosa. Nimetambua sasa kwamba hata kumwona mama yangu naalikwa.

Jumapili, tarehe 21

Jua liliwaka. Ni jioni sasa, nitaandika yote.

Tulifika mapema. Wifi akawasha jiko la mkaa, akabandika kuku, akakaanga vitunguu, akatia nyanya. Mapacha wakaanza kulilia bembea. Mdogo wangu alikuwa ametumwa maji. Mama alikuwa amejinyoosha mkekani, kajifunika kitambaa usoni kuzuia jua, anakoroma taratibu.

"Niangalizie mchuzi, wifi," Mama Pacha akasema, "nawapeleka hawa mara moja." Akaniachia mwiko. Mtu anayekuachia mwiko wake anakuamini, hilo kila mwanamke analijua.

Nikaonja. Chapwa, kama kawaida. Nikasema nirekebishe kidogo. Kikopo cha chumvi nilikuwa nacho kwenye mkoba, nilikuja nacho kwa ajili ya sahani yangu. Kijiko cha kwanza kilikuwa cha kurekebisha, nitaapa popote. Halafu nikaisikia sauti ya wifi kutoka kwenye bembea, anacheka, na mdogo wangu naye amefika anacheka, na watoto, wote, na mimi niko peke yangu na moshi. Nikatia cha pili. Nikatia cha tatu, nikakoroga, nikafunika.

Nilitaka nini? Nilitaka mara moja tu mama akunje uso mbele ya chakula cha Mama Pacha.

Tulipopakuliwa, pacha wa kwanza alitema papo hapo. Wa pili akalia. Mdogo wangu akameza kwa taabu, akanywa maji, akasema, "Mama Pacha! Leo umemwaga gunia?" Wifi akaonja, akabaki amekodoa macho. "Mbona... mimi niliweka chembe tu." Akaonja tena. Uso ukamshuka. Nikamtazama mama.

Mama alikuwa anakula. Tonge baada ya tonge, hana wasiwasi.

"Mama, acha, kibaya hicho," mdogo wangu akasema.

"Kibaya kwenu. Mimi nakiona kitamu. Niongezeeni mchuzi."

Akaongezewa! Akamaliza na sahani ya pili. Wifi alimshika mkono kumzuia, mama akautoa ule mkono taratibu akaendelea. Samaki wangu, tonge mbili. Chumvi tupu ya Mama Pacha, sahani mbili. Sasa nimejua mama anampenda kiasi gani. Anampenda kiasi cha kula sumu yake na kusema ni asali. Nilirudi nyumbani nikiwa na wivu kuliko nilivyoondoka, na juu ya wivu nina aibu, na juu ya aibu nina hasira. Sijala kitu mpaka sasa.

Jumatatu, tarehe 22

Simu ya mdogo wangu imeniamsha saa kumi na mbili. Mama alishikwa na kichwa, akatokwa damu puani, akashindwa kusimama. Nimefika hospitali na kandambili mbili zisizofanana.

Presha. Daktari alitaja namba, na mdogo wangu akazielewa na wifi akazielewa. Mimi peke yangu nikauliza, "Presha gani? Tangu lini?"

Mdogo wangu alikaa kwenye benchi la korido, kichwa mikononi. "Tangu wiki ya pili ya msimu wako, dada. Alianguka bafuni. Daktari akasema chumvi iwe chembe tu. Mama akasema usiambiwe, fundi hashtuliwi. Tukakubali, kwa sababu ya ile mikono ya kushoto. Msimu ulipokwisha akasema upumzike kwanza, atakwambia mwenyewe."

Kila kitu kikaanza kujipanga, na kila kilipokaa kilinichoma. Viazi vya kuchemsha. Tonge mbili za samaki wangu aliyekolea chumvi, baada ya kufumba macho kwa harufu yake. Gauni la kijani. Mama alikuwa amekonda, na mimi ningempitishia futi kiunoni tu ningejua. Alimpa asiyejua kupima kwa sababu hajui kupima. Na nyumba nzima ilikuwa inakula chapwa pamoja naye, hata watoto, ili asijione mgonjwa.

Ndipo mdogo wangu akasimama mbele ya mke wake, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Daktari alikwambia nini? Alikwambia wewe, si mimi! Ulikuwa unawaza nini jana?"

"Sijui," wifi akasema. "Wallahi sijui. Mkono wangu... sijui mkono wangu ulifanya nini."

"Umeniulia mama!"

Wauguzi wakatoka kututazama. Wifi akaangua kilio, akaja kukaa kando yangu, akalaza kichwa begani kwangu. Kwangu mimi, katika watu wote! Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Usilie, wifi. Basi, usilie."

Hilo ndilo nililosema. Maneno mengine yalikuwepo mdomoni na sikuyasema.

Jumanne, tarehe 23

Presha inashuka. Mdogo wangu hamsemeshi mkewe. Mimi pia nimenyamaza.

Jumatano, tarehe 24

Mama ameketi leo, amekunywa uji. Akamtuma mdogo wangu akamletee machungwa, kisha akaniambia nirudishe mlango.

"Njoo karibu. Dunia hii nimekula chumvi nyingi, mwanangu, na juzi ukaniongezea."

Nikajifanya sikuelewa. "Mama?"

"Kile kitambaa kimechakaa, ukijifunika unaona kila kitu. Nilikuona. Kimoja, viwili, vitatu."

"Ulikuwa unakoroma!"

"Nimewalea watu wawili. Nikitaka kukoroma nakoroma."

Nikatamani sakafu inimeze. Nikamuuliza swali moja tu. "Sasa kwa nini ulikula?"

Mama alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi wa ushonaji aliyeuliza sindano inaingiaje uzi.

"Wote walikuwa wametema. Ningetema na mimi, wangeanza kutafuta mkono. Mama Pacha anajua alichoweka. Wangekufikia. Mbele ya mdogo wako, mbele ya watoto wanaokuita shangazi. Nikaona nikila na kusifu, mambo yatapita, watasema ni ulimi wao."

"Na sahani ya pili?"

"Ya kwanza haikuwanyamazisha."

Tangu likizo ianze nimemhesabia mama yangu tonge, nikipima anampenda nani. Jumapili ile ndiyo siku niliyoapa kwamba anampenda mwingine, na ndiyo siku aliyokuwa anakula kwa ajili yangu. Nikalia kitandani kwake kama mtoto. Aliniacha nilie. Halafu akasema, bila ukali, "Dawa nayo sikumeza asubuhi ile. Ile dawa inanipeleka chooni kila dakika, na choo cha bustani unakijua. Kwa hiyo usibebe na mzigo wangu. Wako ubebe."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilikwisha kusamehe mkekani. Nilikusitiri, ni haki yangu, wewe ni mwanangu. Lakini sikukusitiri ili mwenzio avuliwe nguo. Siku tatu sasa mume wake hamtazami, na wewe upo."

"Utamwambia?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nimelala."

Mlango ukagongwa. Machungwa yalikuwa yamefika.

Ijumaa, tarehe 26

Mama ametolewa. Nilikuwa nimetandika kitanda chake kwangu, nimetundika pazia zilizofuliwa. Teksi ikaenda kwa mdogo wangu na sikubisha. Wifi anajua saa za dawa, anajua kupima presha, anajua kupika chapwa kikalika. Mimi sijui hata kimoja. Bado naona wivu, nisidanganye karatasi. Ila sasa najua ninachokionea.

Nikampitia Vifungo nikamwambia yote. Nilitaka aseme kwamba kwa kuwa mama amepona, yaishe. Alikuwa anafumua kifungo kilichoshonwa vibaya, hakuinua macho.

"Umekuja kwangu kufanya nini?" akasema. "Mimi ndiye niliyelishwa?"

Jumapili, tarehe 28

Hakuna bustani leo, mama bado ni dhaifu. Tumekula kwa mdogo wangu.

Nilifika mapema nikakaa jikoni na wifi, na nikaona kazi ya mikono yangu. Alipima chumvi kwa ncha ya kisu. Akaonja. Akaita pacha mmoja aonje. Akaonja tena. Akamwita mume wake kwa sauti ndogo, "Naomba uonje," naye akaonja bila kumtazama, akatikisa kichwa kukubali, akatoka. Wifi akasimama pale na mwiko kama mgeni katika jiko lake.

Nilitaka kusema pale pale, tukiwa wawili. Nikaona hapana, yeye alitukanwa koridoni mbele ya watu. Nikangoja mpaka wote wakaketi.

"Wifi," nikasema. "Jumapili ile mchuzi wako ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyetia chumvi."

Mdogo wangu akacheka, akidhani ni utani wa mawifi. Halafu akaona uso wangu.

"Kwa bahati mbaya," wifi akasema. Hakuwa anauliza, alikuwa ananifungulia mlango. Neno moja tu la ndiyo, na ningekuwa nimepita.

"Hapana. Cha kwanza labda. Viwili vya mwisho nilitia nikijua."

"Ulijua ana presha?"

"Hilo sikujua. Nilitaka tu chakula chako kikataliwe."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Mama alikuwa anatazama dirishani. Mdogo wangu alisukuma kiti akatoka uani, nikamsikia akipiga teke ndoo. Wifi hakulia, ningependa angelia.

"Wiki nzima, wifi," akasema. "Wiki nzima naonja mpaka ulimi umekufa ganzi. Jana nimemlazimisha mtoto aonje uji mara tatu. Nimedhani ninarukwa na akili. Na wewe ulikaa kwenye benchi lile, ukanishika mkono, ukaniambia nisilie."

Ilikuwa kweli yote.

Akainuka. Nikajua ananifukuza, na nikakusanya mkoba wangu. Lakini alichukua sahani yangu, akanipakulia wali, akanipakulia mchuzi, akachagua na kipande cha nyama. Akaiweka mbele yangu. Kisha akaenda kabatini, akatoa kopo la chumvi, akaliweka kando ya sahani akafungua kifuniko.

"Chumvi hiyo hapo," akasema. "Leo tia mbele ya watu."

Sikutia. Nilikula kilivyo mpaka nikamaliza, hakuna aliyezungumza ila pacha mmoja, aliyeuliza kama shangazi atachapwa. Kisha nikakusanya vyombo vyote, nikavipeleka uani kuviosha, na hakuna aliyeniambia niviache.